Kutoka kompyuta hadi televisheni: njia ipi inafaa kwa filamu?

Kabla ya kununua waya, adapta au kifaa chochote cha kurusha picha, jiulize jambo moja: kati ya kompyuta na televisheni, ni ipi itakayoifumua filamu? Faili la filamu huwa limebanwa. Picha za 1080p zisizobanwa, kwa fremu 24 kila sekunde, zingehitaji takriban gigabiti 1.2 kwa sekunde, ilhali faili la kawaida lililobanwa kwa mtindo wa H.264 hutosheka na megabiti 5 hadi 10. Lazima mashine mojawapo ilifumue faili hilo fremu kwa fremu ndipo picha ionekane. Ukishajua ni mashine ipi inayobeba mzigo huo, utajua pia kwa nini picha inakwama, kwa nini sauti haitoki, na kwa nini filamu ile ile inacheza vizuri kwenye televisheni moja na kukataa kwenye nyingine.

Tathmini hii inapima njia zinazotumika sana kwa kigezo hicho, tena kwa filamu tu. Hukumu ije mapema: waya wa HDMI unaongoza, na unaongoza kwa mbali. Seva ya nyumbani, yaani kompyuta inayozigawia televisheni filamu kupitia mtandao, hasa kwa programu ya Jellyfin, inashika nafasi ya pili, ingawa kwa nyumba yenye televisheni zaidi ya moja inaweza kupanda ya kwanza. Kurusha skrini nzima kwa Wi-Fi kunafaa kwa kuonyesha picha za familia na video fupi. Kwa filamu ya saa mbili, hapana.

Waya wa HDMI

Ubora wake mkubwa ni kwamba kompyuta inafanya kazi yote, na televisheni inapokea picha iliyokwisha kukamilika. Televisheni haiulizwi kama inaijua aina ya faili, picha au sauti, iwe MKV, AV1 au DTS. Ndiyo maana hata televisheni ya zamani yenye tundu moja tu la HDMI huonyesha chochote ambacho kompyuta inaweza kukifungua. Chukua sauti ya DTS: televisheni za Samsung zilizotoka tangu 2018 haziisomi, hivyo filamu yenye sauti hiyo ikichezwa kutoka kwenye flashi huonekana bila sauti kabisa. Ichezwe na programu ya VLC kwenye kompyuta na kupitishwa kwenye waya, sauti inatoka, kwa kuwa VLC ndiyo iliyoifumua.

Kazi ikishaiangukia kompyuta, basi kompyuta iwe inaiweza. Filamu za H.264 zinachezwa na karibu mashine yoyote inayofanya kazi leo. H.265 ya biti 10, ambayo ndiyo hubeba filamu nyingi za 4K, inahitaji chipu inayoifumua yenyewe bila kuichosha prosesa. Kwa Intel uwezo huo ulikamilika kwenye kizazi cha saba, kile cha Kaby Lake. AV1 ni mpya zaidi: Intel ilianza kuifumua kwa chipu kwenye kizazi cha 11, na kadi za Nvidia za RTX 30 pamoja na AMD RX 6000 zilianza mwaka 2020. Kompyuta isiyo na uwezo huo hujaribu kwa nguvu ya prosesa pekee, feni hupiga kelele, na picha huanza kuruka fremu penye mwendo mwingi. Mtazamaji hulaumu waya wakati waya hauna kosa.

Kuhusu waya wenyewe, usinunue dhahabu. Ncha zilizopakwa dhahabu hazibadilishi rangi wala ukali wa picha, kwa sababu kinachopita ni tarakimu: ama zinafika, ama zinapotea na kasoro inaonekana wazi. Kinachotofautisha nyaya ni kiasi cha data zinachobeba na urefu. HDMI 1.4 ya mwaka 2009 inabeba gigabiti 10.2 kwa sekunde, HDMI 2.0 ya 2013 inabeba 18, na HDMI 2.1 ya 2017 inabeba 48. Namba hizo ni za matundu ya vifaa. Waya una majina yake: High Speed unatosha kwa 1080p na kwa 4K ya fremu 30, Premium High Speed umepimwa kwa gigabiti 18, na Ultra High Speed kwa 48. Kwa filamu, Premium High Speed unatosha kabisa. Ule wa Ultra ni kwa ajili ya wacheza michezo wanaotaka 4K kwa herzi 120, yaani picha 120 kila sekunde. Waya halisi wa Premium huja na lebo ya kuskani kwa simu ili kuthibitisha cheti chake, na inafaa kuiskani kabla ya kulipa.

Urefu ndio unaowaumiza wengi. Waya wa shaba wa mita 2 au 3 haukupi shida. Ukifika mita 5 kwa 4K ya herzi 60, unaanza kutegemea ubora wa mtengenezaji. Kupita hapo, picha inaweza kuonyesha vitone vyeupe vinavyomweka kama nyota, au kuzima kwa sekunde mbili tatu kisha kurudi, na hizo ni dalili za waya ulioshindwa. Zipo nyaya ndefu zinazotumia nyuzi za kioo ndani, na zinafanya kazi vizuri, lakini zina upande: ncha moja imeandikwa ya chanzo na nyingine ya skrini. Ukizigeuza hutapata picha yoyote, na ukiwa umeshazipitisha ukutani, utazivuta upya. Angalia maandishi kwanza.

Kuunganisha kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Chomeka ncha moja kwenye kompyuta na nyingine kwenye televisheni, kisha kwa rimoti uchague tundu lile lile ulilochomeka, kwa mfano HDMI 2. Kwenye kompyuta ya mezani yenye kadi ya picha, chomeka kwenye matundu ya kadi hiyo, yale yaliyolala chini zaidi nyuma ya boksi, wala si yale ya ubao mkuu yaliyo karibu na USB. Matundu ya ubao mkuu hutegemea picha inayotengenezwa na prosesa, na prosesa nyingine hazina sehemu hiyo kabisa, kwa hiyo televisheni itasema hakuna mawimbi hata ufanye nini.

Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P. Yatatokea machaguo manne, na kwa filamu chagua la mwisho, linaloacha picha kwenye televisheni pekee. Wengi huacha chaguo la kunakili skrini zote mbili, na hapo ndipo ubora unapopotea: skrini zote mbili hulazimishwa kukubaliana ukubwa wa picha, na kompyuta mpakato ya 1366×768 inaishusha televisheni ya 4K hadi kiwango chake. Ukiwa na kompyuta mpakato, ingia pia kwenye mipangilio ya umeme uiambie isifanye chochote unapofunga kifuniko, la sivyo filamu itakatika mara tu unapokifunga. Na kama mashine yako hupumulia hewa kwenye upande wa kibodi, kiache kifuniko wazi tu. Watumiaji wa Mac hupata machaguo kama hayo kwenye sehemu ya Displays, na wa Linux wanaweza kutumia amri ya xrandr au mipangilio ya eneo-kazi lao.

Sauti haifuati picha yenyewe kila mara. Ikibaki kwenye spika za kompyuta, bofya alama ya spika kwenye upau wa chini na uchague jina la televisheni. Kwenye Linux, pavucontrol ndiyo inayomaliza ubishi, kwenye sehemu yake ya Configuration. Kama VLC ilikuwa imefunguliwa kabla hujachomeka waya, ifunge na kuifungua tena.

Yale yanayoharibu picha bila kujitambulisha

Hapa ndipo tofauti kati ya picha inayoridhisha na picha nzuri kweli inapopatikana, na inasikitisha kwamba watu wengi hufikia hatua ya kuona picha tu wakaishia hapo.

Kingo kukatwa. Ukiona upau wa chini wa Windows umemezwa nusu, televisheni inaikuza picha na kukata pembezoni. Ni urithi wa televisheni za kioo kinene, ambazo zilificha kingo za picha nyuma ya fremu. Usirekebishe kwa kompyuta. Kufanya hivyo huibana picha upya na kuipunguzia ukali, kwa kuwa kila pikseli ya filamu haitakaa tena juu ya pikseli moja ya televisheni. Tafuta kwenye mipangilio ya ukubwa wa picha ya televisheni: LG huita Just Scan, Samsung Screen Fit au Fit to Screen, Sony Full Pixel. Kwenye televisheni kadhaa, kulibadilisha jina la tundu liwe PC hufanya kazi hiyo na pia huzuia rangi zisipunguzwe, jambo linalofanya maandishi madogo yasomeke.

Weusi usio mweusi. Filamu hutumia viwango vya mwanga kuanzia 16 hadi 235, na kompyuta imezoea 0 hadi 255. Vifaa viwili vikielewana vibaya, moja kati ya mambo mawili hutokea. Kompyuta ikituma kwa kipimo kifupi na televisheni ikasoma kwa kipimo kirefu, weusi unakuwa wa kijivu na picha nzima inaonekana imefunikwa na ukungu. Ikiwa kinyume chake, sehemu za giza zinamezwa: nywele nyeusi kwenye koti jeusi vinakuwa doa moja. Fungua picha ya filamu yenye usiku, kisha linganisha. Kwenye kadi za Nvidia badilisha kipengele cha Output dynamic range. Kwenye televisheni za Samsung na LG tafuta HDMI Black Level au jina linalokaribiana na hilo. Badilisha upande mmoja tu kwa wakati, vinginevyo utajikuta umezunguka na kurudi kwenye kosa lile lile.

Mwendo wa kigugumizi. Filamu zimerekodiwa kwa fremu 24 kwa sekunde tangu sauti ilipoingia sinema mwishoni mwa miaka ya 1920. Kompyuta hutuma fremu 60. Kwa kuwa 60 haigawanyiki sawasawa kwa 24, fremu moja huonyeshwa mara tatu na inayofuata mara mbili, na kamera inapogeuka taratibu kuifuata mandhari, jicho huona mtikisiko. Dawa ipo: kwenye Windows ingia mipangilio ya skrini, sehemu iitwayo Advanced display, ubadilishe idadi ya herzi iwe 23.976 au 24. Filamu nyingi za kidijitali ni za 23.976 kamili, na ukizichezesha kwa 24 fremu moja hulazimika kurudiwa kila baada ya sekunde kama 42. Ni kidogo, lakini chagua 23.976 ikiwepo. Kompyuta na televisheni zinazoweza herzi 120 zimeepuka tatizo lote, kwa sababu 120 ni 24 mara tano. Anayechoka kubadilisha kwa mkono atumie programu ya kuchezea filamu ya Kodi, ambayo hubadilisha herzi yenyewe filamu inapoanza na kurudisha inapokwisha, ukiwasha kipengele hicho kwenye mipangilio ya kichezeshi.

Kuna faida nyingine ya fremu 24 ambayo haisemwi vya kutosha. Kompyuta mpakato nyingi za zamani kidogo zina tundu la HDMI 1.4, linaloweza 4K kwa herzi 30 pekee. Kwa kazi za ofisi hilo linachosha, kwani kishale kinaburuta. Kwa filamu halidhuru chochote: weka 4K kwa herzi 24 na filamu inapita yote. Hata kwenye HDMI 2.0, picha ya HDR (yenye mwanga na rangi pana zaidi) ya biti 10 katika 4K ya herzi 60 haienei kwenye gigabiti 18 bila kupunguziwa taarifa za rangi, lakini kwa herzi 24 inaenea ikiwa kamili. Kwa hiyo usinunue kompyuta mpya kwa sababu ya namba 60 iliyoandikwa kwenye boksi la televisheni.

Ukitaka HDR, hakikisha tundu la televisheni limefunguliwa kwa kiwango kamili, kwa sababu televisheni nyingi hutoka kiwandani likiwa limefungwa ili vifaa vya zamani visikwame. Samsung huita Input Signal Plus, LG HDMI Deep Color, na Sony huweka kwenye HDMI signal format, chaguo la Enhanced. Kisha kwenye Windows bonyeza Windows, Alt na B kwa pamoja kuiwasha. Iwashe wakati wa filamu ya HDR na kuizima baadaye. Eneo-kazi la kawaida huonekana limepauka HDR ikiwa imewashwa.

Mwisho wa sehemu hii, zima ulainishaji wa mwendo. Samsung huuita Auto Motion Plus, LG TruMotion, Sony Motionflow. Televisheni hubuni fremu ambazo hazikuwepo na kuziingiza kati ya zile za kweli, na filamu iliyogharamiwa sana inaanza kufanana na kipindi cha studio. Televisheni zenye Filmmaker Mode, iliyotangazwa na UHD Alliance mwaka 2019, huzima hayo yote kwa mguso mmoja. Kama ipo kwenye yako, itumie bila kusita.

Sauti yenye maneno yasiyosikika

Lalamiko linalorudi kila mara ni hili: milipuko inatikisa madirisha, lakini wahusika wakizungumza hawasikiki. Filamu nyingi zina sauti ya njia sita, na maneno hukaa kwenye njia ya katikati. Televisheni yenye spika mbili inapopokea njia zote zikiwa zimechanganywa, ile ya katikati humezwa. Kwenye VLC bonyeza Ctrl na E, nenda sehemu ya Compressor ndani ya athari za sauti, uiwashe. Milipuko itashuka na maneno yatapanda. Kama faili lina sauti ya pili ya stereo, ichague hiyo badala ya ile ya 5.1, kwani imechanganywa na mafundi waliojua itasikika kwa spika mbili.

Wenye saundi baa iliyounganishwa kwenye televisheni kwa ARC, njia ya HDMI inayotoa sauti kwenye televisheni, wajue kikomo chake. ARC inabeba Dolby Digital ya 5.1 iliyobanwa, lakini haibebi njia sita zisizobanwa. Kompyuta ikifumua sauti na kuituma wazi, televisheni itaipunguza kuwa stereo kabla ya kuifikisha kwenye saundi baa. Kwenye VLC au Kodi washa upitishaji wa sauti bila kuifumua, na saundi baa itaipokea kama ilivyo. Vifaa vyenye eARC, toleo jipya la ARC, havina kizuizi hicho.

Midomo ikitangulia sauti au kuchelewa, VLC ya Windows na Linux hutumia vitufe J na K kusogeza sauti kwa milisekunde 50 kila ukibonyeza, na G na H kusogeza maandishi ya chini. Ila kama kuchelewa huko kunatokea kwa kila filamu, sababu ni televisheni inayochukua muda kuichakata picha, na kulitaja tundu kuwa la PC hupunguza sehemu kubwa ya tatizo.

Adapta, na wapi zinadanganya

Tundu la USB-C si lazima litoe picha. Angalia kama pembeni yake kuna alama ya DisplayPort au ya radi ya Thunderbolt. Lenye Thunderbolt 3 kwenda juu linatoa picha bila shaka, yaliyobaki tafuta kwenye maelezo ya mtengenezaji neno DisplayPort Alt Mode. Bila uwezo huo, adapta ya USB-C kwenda HDMI ni plastiki tu. Angalia pia namba zake: adapta nyingi za bei nafuu zinaishia 4K kwa herzi 30, jambo ambalo kwa filamu, kama ilivyoelezwa, linakubalika.

DisplayPort kwenda HDMI ni rahisi, mradi ukumbuke kwamba waya huo huenda upande mmoja tu, kutoka kompyuta kwenda televisheni. DVI inapeleka picha safi, lakini kwa kawaida sauti unaipeleka kwa waya mwingine.

VGA ndiyo yenye matatizo mengi zaidi. Ilianzishwa na IBM mwaka 1987, ni ya analogi, na haibebi sauti kamwe. Kompyuta ya zamani yenye VGA ikikutana na televisheni yenye HDMI tu, waya wa kawaida wenye ncha mbili tofauti hautafanya kitu hata ukionekana dukani umetengenezwa vizuri. Unahitaji kigeuzi chenye saketi ndani, kinachopata umeme kwa USB na chenye tundu la milimita 3.5 la kuingizia sauti kutoka kompyuta. Tena angalia mwelekeo: kigeuzi cha VGA kwenda HDMI na cha HDMI kwenda VGA ni vifaa viwili tofauti vinavyofanana kwa sura. Ukisikia mngurumo kwenye spika, chomeka kompyuta na televisheni kwenye ekstensheni moja.

Ikiwa tovuti ya filamu inaonyesha skrini nyeusi lakini sauti inasikika, hapo ni HDCP, ulinzi wa hakimiliki unaokagua kila kifaa kilicho njiani. Kigeuzi cha VGA au kigawanyi cha HDMI vinatosha kuukasirisha. Viondoe, unganisha moja kwa moja, na kwa 4K hakikisha tundu la televisheni linakubali HDCP 2.2, kwani kwenye baadhi ya televisheni za 4K za mwanzo si matundu yote yaliyokubali.

Bila waya

Miracast, mfumo wa kurusha skrini nzima kwa Wi-Fi, ilizinduliwa na Wi-Fi Alliance mwaka 2012, na kwenye Windows 10 na 11 huitwa kwa Windows na K. Udhaifu wake uko kwenye swali la mwanzo: kompyuta inaifumua filamu, kisha inaibana upya palepale, inairusha hewani, na televisheni inaifumua mara ya pili. Kazi mara tatu, ubora unapungua, na kompyuta dhaifu inachemka. Sehemu za giza huonyesha vipande vya mraba, na jirani akianza kutumia Wi-Fi yake picha inaganda. Mac haina Miracast. Inatumia AirPlay, ambayo ni tulivu zaidi na imo kwenye televisheni kadhaa za kampuni kubwa tangu 2019.

Kurusha kwa Chromecast, kifaa cha Google kinachochomekwa kwenye televisheni, kuna sura mbili, na tofauti yake ni kubwa. Ukirusha ukurasa wa Chrome, unarudia kasoro za Miracast. Ukibofya alama ya kurusha iliyo ndani ya kichezeshi cha tovuti yenyewe, kompyuta inatoa anwani tu, na Chromecast inaichukua filamu mtandaoni moja kwa moja. Unaweza hata kuifunga kompyuta. Kwa filamu zilizo kwenye diski yako, VLC tangu toleo la 3.0 la 2018 ina kipengele cha Renderer kwenye menyu ya Playback. Google ilisitisha kutengeneza Chromecast mwaka 2024, lakini teknolojia hiyo imo ndani ya televisheni nyingi za Android na Google TV.

Jellyfin, kwa wenye maktaba ya filamu

Jellyfin ni programu huria isiyolipiwa, iliyotengana na programu ya Emby mwaka 2018. Unaisakinisha kwenye kompyuta, unafungua kivinjari kwenye localhost:8096, unatengeneza akaunti ya msimamizi, kisha unaionyesha folda ya filamu. Kila filamu ipewe folda yake yenye jina na mwaka kwenye mabano, la sivyo itakuwekea bango la filamu nyingine yenye jina hilo hilo. Kwenye televisheni ya Android TV au LG ya webOS unaweka app yake na kuandika anwani ya kompyuta. Isipoonekana, mara nyingi Windows imeuweka mtandao wa nyumbani kuwa wa umma na kuufunga mlango. Ubadilishe uwe wa binafsi. Izuie kompyuta isilale, na kwenye ruta uiwekee anwani isiyobadilika.

Jellyfin inatuma faili kama lilivyo ikiwa televisheni inaliweza, na hapo ubora ni kamili huku kompyuta ikipumzika. Isipoliweza, inalibana upya. Kompyuta ya zamani itashindwa na H.265 ya 4K, isipokuwa ukiwasha msaada wa chipu, kama Quick Sync ya Intel, kwenye Dashboard, sehemu ya Playback. Wanaoshangaa kwa nini filamu inakwama mara wanapowasha maandishi ya chini wajue hili: maandishi ya Blu-ray ya aina ya PGS ni picha, si herufi, na mara nyingi seva hulazimika kuyachora juu ya kila fremu kwa kuibana filamu yote upya. Tafuta maandishi ya SRT, ambayo ni herufi tu, badala yake, na kompyuta itapumua.

Mtandao nao una mtego wake. Televisheni nyingi, hata za bei ya juu, zina tundu la waya wa mtandao la megabiti 100 pekee. Diski ya UHD Blu-ray inaweza kufikia megabiti 128, kwa hiyo nakala yake kamili itakwama kwenye waya huo huku ikipita vizuri kwenye Wi-Fi ya gigaherzi 5 ikiwa ruta iko karibu. Kwa filamu za 1080p za kawaida, waya huo unatosha na kubaki. Wi-Fi ya gigaherzi 2.4 iepuke kwenye majengo yenye watu wengi.

DLNA, mfumo wa kutuma faili kwa mtandao wa nyumbani uliomo kwenye televisheni nyingi, inafanya kazi kama ya Jellyfin kwa namna duni: televisheni ndiyo inayofumua kila kitu, maandishi ya chini mara nyingi hayaonekani, na taasisi iliyoisimamia ilivunjwa 2017. Itumie ikiwa huwezi kuweka app yoyote. Flashi nayo ina sheria moja ya kukumbuka: ikiwa imepangiliwa kwa FAT32, haipokei faili linalofika GB 4, basi ipangilie upya kwa exFAT baada ya kuhakikisha televisheni yako inaisoma.

Rimoti ya televisheni, kwa kawaida, haitaitii kompyuta kupitia HDMI, kwa sababu kadi nyingi za picha hazina CEC, njia ya kupitisha amri za rimoti kwenye waya wa HDMI. Kibodi ndogo isiyo na waya yenye padi ya kugusa ndiyo suluhisho imara zaidi. Chomeka kipokezi chake kwenye tundu la USB la mbele au kwa ekstensheni fupi, maana kikijificha nyuma ya boksi la chuma vitufe huanza kuruka. Wanaotumia Kodi wanaweza kuiongoza kwa simu kupitia app ya Kore, na VLC ina ukurasa wake wa udhibiti kwenye lango la 8080 ukiuwasha na kuuwekea nenosiri.